Madoa ya Utomvu

14 Septemba 1986

Mvua ya kwanza ilinyesha jana, na leo baada ya misa tumeshuka bondeni kupanda mahindi. Mama hasemi nami. Anachimba shimo, mimi natia mbegu, yeye anafukia kwa mguu kwa hasira kana kwamba anamzika adui. Bado ana kinyongo kwamba mume wangu amenirudisha. Eti mwanamke wa miaka ishirini na saba, fundi aliyefundishwa na masista, anarudi kwa mama yake na cherehani kichwani! Nikamwambia, mama, wenzangu hurudi na alama za fimbo tu, mimi angalau nina cherehani. Hakucheka.

Naandika kwa sababu mama hajui kusoma, na wanaojua kusoma siwaamini.

20 Septemba

Mvua. Nimeshona sare za shule. Mama kasema neno moja: chumvi.

1 Oktoba

Mahindi yamechomoza na nyani wamekuja, walaaniwe. Wanatoka kwenye pori la upande wa mto, wanafukua mche, wanakula punje, wanatupa jani. Mistari yote ya juu wameimaliza. Nikapiga debe, nikapiga kelele mpaka koo likawasha. Wakanitazama tu. Dume moja likakaa chini likajikuna tumbo mbele yangu. Hawamwogopi mwanamke, wanajua kabisa.

Mzee Kahigi, balozi wetu wa nyumba kumi, shamba lake limepakana na letu. Alikuwa amesimama kwenye mpaka wake anafurahia. "Adelgunda binti yangu," akasema, "tafuta mwanamume akulindie shamba." Nikamuaga kwa heshima nikaondoka, maana ningebaki ningemtukana.

Mama amelia leo, waziwazi, ameketi kwenye tuta. Haya mahindi ndiyo chakula chetu cha mwaka, migomba ya kibanja chetu imezeeka.

8 Oktoba

Nyani anamwogopa nani? Chui. Hilo kila mtu analijua, ila hakuna mwenye chui wa kumkodi.

Ninalo blanketi la manyoya nililopewa na masista, rangi ya vumbi. Nimelikata. Mama akapiga yowe: "Blanketi zima! Una wazimu?" Nikamwambia asubiri. Nimeshona mwili mzima, miguu na mikono, na kichwa nimekijaza majani makavu ya mgomba, na masikio mawili. Madoa nimeyatia kwa utomvu wa mgomba, ule ambao ukidondokea gauni lako umelipoteza. Leo kwa mara ya kwanza nimefurahi kwamba haufutiki. Mkia ni kamba ya katani niliyoizungushia vipande.

Wakati nashona nimekumbuka mchezo wa Noeli kule kwa masista. Nilishona punda, wakampa msichana mwingine avae. Baada ya mchezo nikalichukua lile vazi nikalivaa, nikakaa nalo bustanini mpaka wakati wa chakula. Sista alinivua mwenyewe kwa mikono yake. Hakunipiga. Alinitazama tu, akaniambia nikasali. Sikuelewa kosa langu ni lipi, na mpaka leo sijaelewa.

12 Oktoba

Wamekimbia! Loo, wamekimbia, Yesu na Maria! Nilijilaza kwenye nyasi ndefu nikatoka nikitambaa, na lile dume la tumbo likaruka juu likabweka kama mbwa aliyekanyagwa, kundi zima likatimka mpaka ng'ambo. Mama alikuwa amejificha kwenye migomba. Kacheka mpaka kanga ikadondoka. Mama yangu, Kokuhirwa binti Byarugaba, kacheka! Tukarudi nyumbani tumeshikana mikono.

Lakini kuna jambo sikumwambia mama, naliandika hapa. Nyani walipokwisha kuondoka sikuvua. Nilikaa mle ndani. Jasho lilinitiririka, blanketi linanuka moshi, kupitia matundu ya macho naona kipande tu cha dunia. Na kifua changu kilitulia. Sijui niseme vipi. Tangu utotoni kuna kitu ndani yangu kimekaa wima, kinangoja kugombezwa. Mle ndani kililala. Nilitembea kwa miguu minne kati ya mahindi, nikajikuna mgongo kwenye mti, nikajipa na jina, Madoa. Sikuwa Adelgunda aliyerudishwa. Nilikuwa na furaha ya kutosha kunitia hofu.

19 Oktoba

Nyani hawajaonekana wiki hii. Nimekwenda hata hivyo.

26 Oktoba

Nimekwenda tena. Mama ameuliza, nikasema wanaweza kurudi. Uongo. Hawatarudi leo wala kesho. Nimekwenda kwa ajili yangu.

2 Novemba

Leo baada ya kuombea marehemu nilibaki nyuma nikamwendea katekista Gaspari. Ni mtu mwema, mzito kidogo. Nikamwuliza kwa mbali, kana kwamba nasema habari za mteja wangu mmoja: mtu anayependa kuvaa mnyama, akivaa roho yake inatulia, huyo ni nani?

"Ana pepo," akasema pale pale.

"Hata kama anasali?"

"Pepo nao wanajua sala, dada."

Nimerudi nikiwa na hasira. Pepo humtupa mtu chini. Mimi hanitupi mtu, najivalisha mwenyewe na vifungo nafunga mwenyewe. Nikamwuliza mama naye, kwa mbali vilevile. Yeye kasema zamani walikuwepo mbandwa, watu wa mizimu, walivaa ngozi wakasema kwa sauti isiyo yao. Sauti ya Madoa ni yangu. Hasemi habari za mizimu, hasemi kitu chochote, ananguruma tu kidogo kwa kujifurahisha.

Mchawi? Mchawi hugeuka, wanavyosema. Mimi sigeuki. Najua muda wote kwamba ni blanketi. Mwehu? Mwehu hangejiuliza. Mwigizaji? Mwigizaji anataka watu wamtazame, na mimi nikitazamwa nitakufa kwa aibu. Kila jina nikilijaribu linanibana kwapani au linapwaya. Nimeshonea watu wa kila umbo mwaka huu, jina la kunikaa mwenyewe sijalipata.

11 Novemba

Senene! Wameanguka asubuhi, kitongoji kizima kimekimbia na mifuko. Tumekaanga, tumekula, mama ameimba.

16 Novemba

Nimeonwa.

Nilikuwa kwenye kijito, nimejinyoosha kwenye mwamba, jua linawaka baada ya mvua. Sikusikia hatua. Nikafungua macho nikamwona Bibi Mukandekezi amesimama na mzigo wa kuni kichwani. Huyu ni jirani yetu wa chini, mjane, alikuja na mwanawe kutoka ng'ambo ya mto wakati wa zile fukuza-fukuza za watu wao kule, wanalima vibarua kwenye kahawa ya Kahigi na kuishi kwenye kibanda pembeni mwa shamba lake.

Nilitaka ardhi inimeze. Yeye akatua kuni taratibu, akapiga goti kidogo, akanisalimu kwa Kinyarwanda. Alimsalimu chui! Kisha akacheka meno yake yote machache yakaonekana. "Adelgunda, mwanangu, mkia unauburuza. Chui anauinua mwishoni, hivi." Akanionyesha kwa mkono wake, kiganja kikijikunja juu.

Nikavua kichwa. Nikaanza kujieleza, nyani, mahindi, mama. Akanikatiza. "Nyani wameondoka siku nyingi. Unapenda." Hakuuliza.

"Ndiyo, bibi. Napenda."

Akakaa karibu yangu. Akaniambia ukoo wao ni wa chui. Hawali mnyama aliyeguswa na chui, hawamwui, hawakalii ngozi yake, na akipita hawamwonyeshi kwa kidole wala hawasemi kapita wapi. Alisema haya bila majivuno, kama mtu anayekueleza nyumba yao ilikuwa kando ya mto. Mimi nikamwuliza: je, mimi ni nani? Akafikiri. "Wewe ni mtu anayekaa vizuri ndani ya chui," akasema. "Wapo. Mjomba wangu alikuwa hivyo na korongo, akicheza ngoma watu walinyamaza."

Wapo! Sikujua kama neno dogo hivyo linaweza kumliza mtu. Nimelia kwenye mwamba na miguu ya blanketi, na bibi akanifuta kwa kanga yake.

18 Novemba

Nimerekebisha mkia. Nimeuwekea waya.

24 Novemba

Sokoni Kimuli wanazungumza habari za chui anayesimama kwa miguu miwili. Mfanyakazi wa Kahigi anasema alikuwa anapalilia kahawa akamwona. Nimenunua uzi nikarudi haraka. Kuanzia leo sivai tena. Nimelifungia sandukuni.

30 Novemba

Mbuzi wa Kahigi wawili wameuawa, koo zimeraruliwa. Chui wa kweli wapo mtoni, kila mwaka mmoja hupanda, na hata mbwa wakali huua mbuzi. Lakini Kahigi anasema chui wa kweli hutembea kwa miguu minne, na huyu alionekana kwa miwili. Mvua haijakata tangu Ijumaa. Matope mpaka vifundoni.

4 Desemba

Wamemtaja Bibi Mukandekezi.

Eti mwenyewe alisema kwenye ubatizo wa mjukuu wa jirani kwamba wao ni watu wa chui. Eti hakukubali kukalia ngozi ya chui pale kwa Kahigi. Nimesikia haya kisimani, wanawake wanayasema huku wakiteka maji, na nikapandwa na hasira. "Nyie vipi!" nikawaambia. "Kila ukoo hapa una mwiko wake. Kahigi mwenyewe mwiko wao ni ngedere, mnamwita ngedere? Mnajua vizuri kabisa maana yake!"

Mmoja akasema polepole, "Sisi ni wa hapa."

Basi ndiyo hiyo. Wanajua. Hawajakosea hata kidogo, wanataka tu kibanda kile kiondoke.

Niseme? Nikisema chui wa miguu miwili ni mimi, wataniuliza na mbuzi. Wataniuliza kwa nini nilivaa wakati nyani hawapo. Mama ataaibishwa mbele ya watu mara ya pili mwaka huu. Lakini nisiposema, ni bibi.

6 Desemba

Kesho nitakwenda kwa Kahigi.

7 Desemba

Sikwenda. Mvua.

8 Desemba

Nilifika mpaka kwenye migomba ya Kahigi. Walikuwa wamekaa uani wananywa rubisi, wanacheka kwa sauti, vijana wake wanachonga fimbo. Nikarudi. Nimemwomba Mungu wachoke, wasahau, chui wa kweli anaswe kwenye mtego. Nimeomba kila kitu isipokuwa miguu ya kwenda. Mwoga mkubwa mimi.

10 Desemba

Niandike yote kabla sijaanza kuyapunguza.

Asubuhi vijana wa Kahigi walikwenda kwenye kibanda. Harerimana, mwana wa bibi, alikuwa kibaruani Nyakatuntu. Walimleta bibi peke yake kwenye uwanja ambapo Kahigi anaanika kahawa. Mimi nilipata habari jua limeshapanda, mama aliingia mbio: "Wanampiga Mukandekezi. Wanamtaka amtaje mwenzake, wanasema wachawi wa chui huenda wawili wawili."

Nikafungua sanduku. Mama akanishika. "Adelgunda, ukienda na hilo tumekwisha."

"Mama, niache."

"Utasema nini? Utasema wewe ni nini?"

Nikajinasua mikononi mwake nikakimbia nimelikumbatia vazi zima, kichwa kikining'inia. Matope yaliniangusha mara kadhaa. Nilipofika watu walikuwa wengi, wamezunguka, wengine wamebeba watoto. Bibi alikuwa amelala chini kiubavu, mkono mmoja umekaa vibaya, umbo ambalo mkono hauna. Kahigi ameinama juu yake: "Taja. Ukitaja unaondoka sasa hivi. Nani mwingine?" Naye bibi macho wazi, ananitazama kati ya miguu ya watu. Alikuwa ameniona. Alijua ni nani tangu mwanzo, na kwa asubuhi nzima ile alichotakiwa kusema ni jina langu tu. Akageuza uso kwenye matope.

"Ni mimi!" nikapiga kelele. Nikalitupa vazi katikati. Watu wakaruka nyuma, mwanamke akaanguka na mtungi. "Chui wa shambani ni mimi. Ni blanketi! Tazameni, ni blanketi!"

Kahigi akaligusa kwa fimbo, akaligeuza, akaona mishono, vifungo, waya wa mkia. Akaniangalia kwa muda mrefu. Nikaona anafikiri. Mimi ni Mnyambo wa hapa, binti wa Kokuhirwa, baba yangu alikuwa rafiki yake. Na uwanja ulikuwa umejaa mashahidi wa mkono ule wa bibi.

"Ulikuwa unatisha nyani," akasema. Hakuuliza, alinipa jibu. "Si ndivyo, binti yangu? Kutisha nyani tu."

Alinifungulia mlango na watu wote walikuwa wanangoja nipite. Na mimi nikapita. "Ndiyo, mzee," nikasema. "Kutisha nyani tu."

Wakacheka! Kwanza mmoja, halafu uwanja mzima. Kumbe fundi! Kumbe Adelgunda! Wakalivaa lile vazi, kijana wa Kahigi akatia kichwa akacheza, watoto wakamkimbiza. Kahigi akasema hakuna ubaya, ni makosa ya kawaida, kila mtu arudi kazini, mvua inakuja. Kuhusu bibi akasema, "Naye angesema mapema." Mimi na mama, ambaye alikuwa amenifuata, tulimbeba mpaka kibandani.

Vazi walilichoma jioni kwa mzaha. Nilisikia vicheko. Nilikuwa nafunga mkono wa bibi kwa vijiti na vitambaa vya mabaki ya sare. Nikamwambia, bibi nisamehe, nisamehe. Alifumba macho. Sijui kama ni ndiyo au hapana, na sina haki ya kuuliza.

13 Desemba

Nimempelekea uji. Anakohoa damu. Harerimana amerudi. Alichukua uji mlangoni, hakunikaribisha.

17 Desemba

Harerimana na wenzake wamembeba kwenye machela mpaka zahanati. Mvua njia nzima. Wamerudi naye jioni, wamepewa vidonge.

18 Desemba

Wateja wamerudi, wanataka nguo za Noeli. Wananitania: "Fundi Chui, nishonee la madoa!" Wananipenda kuliko zamani. Nashona nikiwa nimeuma meno.

22 Desemba

Bibi Mukandekezi amekufa leo asubuhi.

Mama kaniletea habari akaketi karibu na cherehani. Baadaye kasema, "Mbavu, wanasema. Zilimwingia ndani." Kisha akasema, "Ungesema tangu ile siku ya kisima." Nikamwambia najua. Akanipapasa mgongo, nikatamani anipige.

Nimekaa nikifikiri mpaka uzi ukaisha kwenye bobini. Miezi hii yote nimelipima jina kama nguo: linanikaa, halinikai, linabana hapa. Nikadhani nina muda, nikadhani ni jambo langu peke yangu na kioo. Kumbe wakati mimi napima, wao walikuwa wanamvalisha mtu mwingine. Walimwita chui na hakuwa. Chui nilikuwa mimi. Jina langu lile, zuri, la kwenye mwamba juani, lilimwangukia bibi wa watu likamvunja mbavu, na mimi mwenyewe nilipoulizwa mbele ya watu nikalikana ili nichekwe vizuri.

23 Desemba

Wamemzika leo nyuma ya kibanda, kwenye udongo mwekundu, mvua nyembamba. Watu wachache: wa kwao kutoka Bugomora, katekista Gaspari, mama na mimi. Kahigi ametuma mkungu wa ndizi. Harerimana aliuacha njiani, ng'ombe wakaula.

Gaspari alipomaliza sala, watu wakaanza kutupia udongo. Nilingoja mpaka mwisho. Harerimana alikuwa anafukia kwa jembe, hajavaa shati. Nikasimama mbele yake.

"Kaka Harerimana," nikasema. "Mimi ndiye yule chui."

Hakuinua kichwa. "Nimesikia. Ulikuwa unatisha nyani."

"Hapana. Hilo nilidanganya. Nyani waliondoka mwezi wa kumi. Nilivaa kwa sababu napenda. Mle ndani ndimo ninamokaa vizuri. Ndivyo nilivyo, na mama yako alijua, ni yeye peke yake aliyejua. Sikutaka umzike ukidhani alipigwa kwa sababu ya mchezo wa shambani."

Mama alikuwa nyuma yangu na amesikia yote. Gaspari pia. Hakuna aliyesogea. Ndiyo, nimelisema, na linanikaa. Linanikaa kila mahali.

Harerimana akasimamisha jembe. Ana macho ya mama yake yale yale.

"Aliniambia," akasema. "Aliniambia siku niliyorudi. Kwetu hatumwonyeshi chui kwa kidole, basi hakukuonyesha. Alikuwa mtu wa zamani."

"Najua."

"Basi na hili ulijue," akasema. "Mimi ningekutaja."

Akainama akaendelea kufukia.